Nataka kununua katapila la kijiko lililotumika, Cat 953. Nikague nini kabla ya kulipa?

Msawazishaji:
Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kusawazisha viwanja na kuchimba misingi, na mpaka leo mashine nakodi. Nimempata muuzaji mwenye Caterpillar 953, ile ya cheni yenye kijiko mbele na injini nyuma. Imepigwa rangi upya na mita ya saa inasoma 6,200. Ameiwasha mbele yangu, ikanguruma vizuri, ikainua kijiko na kukishusha. Sasa ananihimiza nilipe, anasema kuna mwingine anaitaka. Injini za malori nazifahamu kiasi, ila kitu cha cheni sijawahi kumiliki. Nikipata siku nzima ya kuikagua, nianzie wapi? Na kipi nikikikuta kibovu niachane nayo kabisa?

Opareta wa zamani:
Mkuu, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini kwa mkono. Ukikuta ina joto, ameshaipasha ili usione inavyowaka ikiwa baridi, basi rudi siku nyingine. Na mita usiitegemee, hubadilishwa upesi tu. Angalia kanyagio, mikono ya kuendeshea na kiti. Kanyagio lililolika mpaka mistari yake imepotea halilingani na saa 6,200.

Fundi Cheni:
Ndugu Msawazishaji, rangi na mngurumo viweke pembeni kwanza. Kazi yangu ni kufungua mashine hizi, na kila anayeniomba nimsindikize kununua namwambia tuanzie chini. Cheni, rola (magurudumu madogo yanayobeba mashine juu ya cheni), aidla (gurudumu la mbele linaloelekeza cheni) na sproketi (gurudumu la meno linaloizungusha) peke yake vinaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo ya mashine ya cheni. Vikiwa vimekwisha, hiyo bei nafuu utaijazia hapo.

Nenda na chepe, brashi ya waya, futi ya chuma, tochi na mtaimbo. Toa udongo wote kwenye rola na sproketi, maana udongo ulioganda huficha sili inayovuja. Ukiona unyevu wa oili kwenye ubavu wa rola, hiyo rola imeshaanza kufa. Meno ya sproketi yawe na ncha butu na pana. Yakichongoka, bushi (mirija ya chuma inayozunguka pini za cheni) na sproketi vimelana muda mrefu.

Kisha pima cheni, na hapa usiwe na haraka. Weka kipande cha chuma kati ya jino la sproketi na cheni, mwambie opareta airudishe mashine taratibu mpaka cheni ya juu ikazike kabisa, kisha azime na kufunga breki. Pima kuanzia ukingo wa pini moja hadi ukingo uleule wa pini ya tano, ukikwepa pale cheni inapoungwa. Gawanya kwa nne, linganisha na kipimo cha cheni mpya kwenye jedwali la wakala wa vipuri. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha pini na bushi zimelika kwa ndani kiasi gani, na hakuna rangi inayoweza kuificha. Fanya pande zote mbili. Tazama pia aidla imesogezwa mbele kiasi gani: kama silinda ya grisi inayokaza cheni imeshatoka hadi mwisho, huna tena pa kukazia.

Jambo moja wanunuzi wengi hawalijui. Kama cheni ni ile yenye oili ndani ya pini, iendeshe kwanza kwa muda, izime, kisha pitisha mgongo wa mkono karibu na vichwa vya pini, kimoja baada ya kingine. Pini iliyokauka huwa ya moto kuliko jirani zake. Usishike moja kwa moja, inaunguza.

Ukitoka hapo panda juu. 953 haina klachi za kukatia kona kama 955L ya zamani. Inatembea kwa haidrostati, yaani oili yenye presha ndiyo inayozungusha cheni, na kila upande una pampu yake na mota yake. Kwa hiyo ijaribu oili ikiwa baridi, halafu uirudie baada ya kufanya kazi ya kweli mpaka ipate moto, kwa sababu pampu iliyolika hujificha oili ikiwa nzito. Iendeshe mbele na nyuma kwenye ardhi tambarare uone kama inavuta upande. Izungushe palepale, cheni moja ikienda mbele na nyingine nyuma. Ichomeke kwenye lundo la udongo: inatakiwa isukume kwa nguvu mpaka cheni ziteleze au injini ielemewe. Ikinyong'onyea tu na injini haisikii mzigo, kuna tatizo.

Kwenye mikono ya kijiko, kishushe chini, kikandamize mpaka pua ya mashine iinuke kidogo, kisha kilegeze, na mtu asimame pembeni atazame pini. Kila mahali chuma kinapocheza kabla ya kubeba uzito, bushi imekwisha. Pita na tochi kwenye maungio ya fremu, hasa pale rangi mpya imekaa nene kuliko kwingine. Nyufa zilizochomelewa ndiko hufichwa. Na usiingie chini ya kijiko kilichoinuliwa bila kufunga kizuizi cha mikono yake.

Kwa injini wewe mwenyewe unajua: moshi wa bluu, oili kwenye maji ya radieta, mvuke mwingi ukifungua kifuniko cha kujazia oili. Ila chukua sampuli za oili ya injini, ya haidroli na ya gia za mwisho (zile zinazozungusha sproketi) za pande zote ukazipeleke maabara. Silikoni ikiwa nyingi vumbi limeingia, na chuma au shaba zikizidi kuna kitu kinasagika.

Msawazishaji:
Fundi, asante sana. Nimerudi nimeikagua kama ulivyosema. Meno ya sproketi yamechongoka, na kila bushi imelika pande zake zote mbili, mbele na nyuma. Muuzaji anasema zigeuzwe tu. Kubwa zaidi, ikipata moto inavuta kulia, asubuhi ilikuwa inanyooka vizuri.

Fundi Cheni:
Bushi hugeuzwa mara moja. Kama zimelika pande zote mbili, zilishageuzwa, na hapo unahesabu cheni mpya na sproketi mpya kwa pamoja. Usikubali kufunga cheni mpya juu ya sproketi ya zamani, itaimaliza mapema. Omba bei ya vipuri na ya kazi kwa wakala, uiweke mbele ya muuzaji, itoke kwenye bei yake. Hilo linazungumzika.

Kuvuta upande ikiwa na moto ndiko kunakonitia wasiwasi. Kwanza hakikisha cheni zote mbili zimekazwa sawa na breki ya upande wa kulia haibaki imeshika. Pengine ni marekebisho ya mkono na kanyagio za kuendeshea tu. Kama hivyo viko sawa, lete fundi wa haidroli afunge geji za presha kwenye pampu zote mbili oili ikiwa moto, na akate filta ya haidroli aangalie ndani. Vipande vya rangi ya dhahabu humo ndani ni vya pampu au mota inayosagika, na ukivikuta achana nayo hata akupunguzie, kwa sababu ukibadilisha pampu peke yake, vile vipande vilivyobaki kwenye mabomba na tangi vitaiua na mpya.

Opareta wa zamani:
Na akikataa geji zisifungwe, usinunue mkuu. Endelea kukodi kwanza mpaka upate ambayo mwenyewe anakuachia uipime.

Msawazishaji:
Nimeelewa. Amekubali fundi aje na geji keshokutwa. Filta nitaikata mbele yake.