Padri amekataa kuniamulia: kilo moja ya mwani, ni dhambi?

KaraniMwani: Tumsifu Yesu Kristo, na salaam kwa ndugu zangu Waislamu. Mimi mtu wa bara, niko Jambiani, Unguja, karani wa mnunuzi wa mwani. Napima, naandika. Bosi ameagiza kila gunia nikate kilo moja "ya mchanga na unyevu". Likisoma 32 naandika 31. Akina mama wanajua, wanaguna tu, maana mnunuzi mwingine karibu hakuna.

Jumapili nilikwenda mjini, kanisa letu Katoliki la Minara Miwili. Baada ya Misa nikamwuliza padri kama ni dhambi. Akaanza kuniuliza yeye: mchanga upo kweli? Nani kapanga iwe kilo? Gunia lingekuwa la mama yako je? Mwisho akasema dhamiri ni yangu, niilee. Nilidhani Kanisa lipo liseme ndiyo au hapana! Nishaurini wakuu.

Katekista_Mstaafu: Milele amina. Padri kafanya kazi yake. Soma Katekisimu kuanzia namba 1776. Mtu anatakiwa kuifuata dhamiri yake ikiwa na hakika, lakini 1783 inadai dhamiri hiyo ifundwe, na 1791 inawabana wale wa "sikujua" ambao hawakujishughulisha kujua. Usiibe umeshaambiwa. Mithali 11:1 inaitaja mizani ya hadaa waziwazi. Kilo ya Jambiani haimo kitabuni, hiyo ni yako.

Ngalawa: Maneno mengi. Una watoto, fuata bosi. Dhamiri hailipi kodi ya nyumba.

BintiBwejuu: Yakhe Ngalawa, hayo siyo. Kaka Karani, mimi Muislamu na mama yangu analima mwani. Maji yakitoka yuko pwani, kainama anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, mpaka maji yarudi. Kwetu sura ya 83 nzima inaanza na ole kwa wapunjao. Ila nikwambie ukweli: mwani ulioanikwa chini unabeba mchanga, wa chanja, ile ya kuanikia juu, hauna. Kukata kilo sawa kwa wote ndiko kwenye dhulma. Aliyehangaika kujenga chanja anakatwa kwa mchanga wa mwenzake.

Mkunazini: Hapo kwenye kufundwa nina neno. Kanisa Kuu la Anglikana letu limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Kwa karne nyingi Wakristo huko ng'ambo walimiliki watu, wakasali, wakalala usingizi mnono. Dhamiri zao zilifundwa, tena kanisani, ila vibaya. Kwa hiyo simwachii padri kila kitu. Na moyo wangu nao siuamini, mjanja sana mwisho wa mwezi.

KaraniMwani: Tangu nianze kazi sijaona gunia hata moja likichekechwa. Hiyo kilo sijui ilitoka wapi.

BintiBwejuu: Basi chekecha. Chukua gunia la chini na la chanja, pima, kung'uta mchanga, pima tena, wenyewe wakiona. Ukipata robo, mpelekee bosi robo.

Ngalawa: Na akimfukuza?

Katekista_Mstaafu: Aje hapa tumtafutie kazi. Mchango wa kodi ya nyumba tutaanza na wewe, Ngalawa.