Tenki limeshusha petroli: kuchomelea ngazi, kisha kupakia dizeli

Njiro_Usafirishaji:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kitaalamu. Tuna tela la tenki la lita 36,000, vyumba vinne vya lita 9,000 kila kimoja, linaloleta mafuta kutoka Tanga hadi vituo vya Moshi na Arusha. Limeshusha petroli yote, na ngazi ya nyuma imeachia pale inaposhikana na tenki. Fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, anataka kuichomelea leo leo, anasema tenki ni tupu na mifuniko itaachwa wazi lipumue. Je, kuosha kwa mpira wa maji kunatosha? Safari ijayo ni dizeli vyumba viwili, petroli viwili: vilivyobeba petroli vinaweza kupokea dizeli bila kuoshwa? Na mteja wa Moshi anataka lita 4,500 tu kutoka chumba kimoja, zilizobaki ziende Arusha. Kuna ubaya?

Fundi_Matenki:
Mkuu, msimamishe huyo fundi kabla hajawasha mashine. Tenki lililoshusha petroli si tupu, limejaa mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Arusha ya Julai haikusaidii kitu.

Mvuke huo huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Chumba kikiwa kimefungwa tangu kushusha, mara nyingi mvuke umezidi hapo, hauna hewa ya kutosha kuwaka. Ukifungua mifuniko hewa inaingia, na mvuke unashuka taratibu mpaka unafika kwenye kiwango cha kulipuka. Kile anachokiita kupumua ndicho kinachotega bomu. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kutokea kwenye mfuniko, unalala sakafuni ndani ya tenki, na unaovuja unatambaa ardhini hadi kwa jirani anayesaga chuma.

Mpira wa maji hautoshi. Mafuta hubaki chini ya valvu ya sakafuni, ndani ya bomba la kushushia, nyuma ya kuta za kuvunja mawimbi, na kwenye bomba la mvuke linalounganisha vyumba vyote. Hilo la mwisho ndilo husahaulika: unasafisha chumba cha nyuma, mvuke unarudi kutoka cha mbele. Kwa hiyo vinasafishwa vyote vinne. Kamua mabomba yote kwenye chombo cha chuma kilichofungwa ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), piga mvuke wa maji ya moto tenki likiwa na ethi, puliza hewa, kisha pima kwa mashine ya kupimia gesi chini, katikati na juu ya kila chumba. Kwa kazi ya moto kama kuchomelea nataka isome sifuri. Pima tena kabla tu ya kuwasha, na kila mkirudi kutoka mapumziko, maana kutu na mabaki hutoa mvuke upya chuma kikipata joto. Mtu asiingie ndani bila kupima oksijeni: ya kawaida ni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 haingii mtu.

Ushauri wangu wa kweli: msichomelee kabisa. Ngazi ifungwe kwa bolti kwenye fremu ya tela. Ikilazimu kugusa ganda la tenki, lipimwe uvujaji kabla ya kupakia, na kama umbo la chumba limebadilika Wakala wa Vipimo wahakiki ujazo upya.

Dada_wa_Depo:
Naongezea kwenye dizeli. Dizeli peke yake inaonekana mpole kwa sababu inahitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uwake. Hatari ni kuimwaga juu ya mvuke wa petroli uliobaki. Dizeli inaufyonza ule mvuke, na ule uliokuwa mwingi mno kuweza kuwaka unashuka hadi kiwango cha kulipuka, wakati huohuo dizeli inayopita kwa kasi kwenye bomba na kichujio inazalisha umeme tuli, yaani umeme wa msuguano. Cheche inakuta kila kitu tayari.

Kwa hiyo chumba kikamuliwe mpaka tone la mwisho, na mpakiaji wa depo aambiwe kilibeba nini. Mwendo wa kuanzia usizidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba ufunikwe na mafuta. Kama mnapakia kwa juu, bomba lifike chini kabisa, mafuta yasianguke kama maporomoko. Baada ya kupakia, subirini dakika kadhaa kabla ya kuteremsha kijiti cha kupimia.

Mabaki ya petroli yana ubaya mwingine. Lita 90 tu kwenye chumba cha lita 9,000 ni asilimia 1, na hiyo inatosha kuifanya dizeli iwake kwa joto la chini sana kuliko inavyotakiwa. Kwa mafuta ya taa ni hatari zaidi, maana yanakwenda kwenye majiko na taa majumbani. Mtu anawasha jiko la utambi, linamlipukia. Hapo hakuna kulegeza.

Dereva_Kaskazini:
Chumba cha lita 9,000 kubaki na 4,500 ni nusu kamili, na hiyo ndiyo hali mbaya ya barabarani. Kanuni za Ulaya za kubeba mizigo hatari husema chumba kinachozidi lita 7,500 kisicho na kuta za kuvunja mawimbi kiwe juu ya asilimia 80 au chini ya 20. Mafuta ya nusu chumba yanakimbilia upande wa nje wa kona, halafu yanarudi wakati dereva ananyoosha usukani. Mteremko wa daraja la Kikafu, kati ya Moshi na Arusha, ukiingia nao hivyo, unafunga breki na wimbi linakusukuma mgongoni. Mwambie mteja achukue chumba kizima. Na usibakize chumba cha nyuma peke yake kikiwa na mzigo: kichwa kinakuwa chepesi, tairi za kusukuma zinakosa mshiko.

Likipinduka, watu wafukuzwe kwanza. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lililopinduka liliwaka na zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Kama halijawaka, walio upande upepo unakoelekea waondolewe hadi angalau mita 300. Likiwaka, mita 800 pande zote. Zimamoto ni 114. Mabango ya hatari yenye namba 33/1203 yabaki kwenye gari hata likirudi tupu, mpaka lisafishwe, ili mwokoaji ajue ni petroli.

Njiro_Usafirishaji:
Asanteni sana. Fundi nimemsimamisha, ngazi itafungwa kwa bolti. Swali la mwisho: kituo kimoja cha Moshi hakina sehemu ya ethi, dereva anaburuza mnyororo chini. Unatosha?

Dada_wa_Depo:
Hautoshi kaka. Mnyororo juu ya lami au zege kavu haupitishi umeme wa kutegemewa. Tumieni waya wa ethi wenye banio, ushike chuma kitupu cha bomba la kujazia la kituo, pasipo rangi wala kutu. Kwangueni kama kuna kutu. Banio linafungwa kabla ya kuunganisha mpira na kabla ya mfuniko wowote kufunguliwa, na linatolewa mwisho kabisa, mpira ukiwa umeshaondolewa. Kama bomba la kituo ni la plastiki, msishushe mpaka mwenye kituo azike fimbo ya ethi na fundi umeme aipime.