Nimeingizwa kamati ya shule ya awali, hesabu za ruzuku hazinikai

Mzazi Mgeni: Salaam wakuu. Juzi tumekaa kikao kwenye vile viti vya watoto, magoti kidevuni, nikakabidhiwa daftari la mapato. Darasani wapo watoto 41, ruzuku ya serikali imeingia ya watoto 33. Mwalimu mkuu anasema ndivyo ilivyokuja. Wazazi nao wanaambiwa elimu bure huku wanachangishwa kila mwezi. Niulizeje bila kuonekana namtafuta mwizi?

Karani Mstaafu: Wizi uweke kando kwanza. Ruzuku ya kila mtoto hufuata idadi ya siku maalumu ya kuhesabu. Aliyeandikishwa baada ya hapo anasubiri hesabu ijayo, ila uji anakunywa leo. Omba orodha iliyotumwa, uilinganishe na daftari la mahudhurio, jina kwa jina.

Bi Chaki: Mimi ningeuliza kwanza nani anamlipa mwalimu. Akilipwa na serikali moja kwa moja, ruzuku inabaki kununua mikeka na chaki, na pengo la watoto wanane mtalivumilia. Akilipwa kutoka humohumo kwenye ruzuku, hapo mna balaa: mshahara haupungui kwa sababu watoto wamehesabiwa pungufu. Nimefundisha hivyo miaka miwili, kila malipo yakichelewa nakopa nauli.

Mpita Njia: Na hiyo "bure" iulizwe inaishia wapi. England, watoto wa miaka 3 na 4 wanalipiwa saa 15 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka. Saa za ziada na chakula mzazi anaweza kutozwa. Angalau kule mpaka umeandikwa.

Karani Mstaafu: Hata michango iandikeni. Head Start, mpango wa Marekani wa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini ulioanza 1965, kwa kawaida hudai asilimia 20 ya gharama itoke nje ya serikali kuu, na saa za wazazi wanaojitolea zinahesabika. Aliyewapakia rangi ukuta amechangia, lakini nina hakika daftarini hayumo.

Mzazi Mgeni: Hayumo kweli 😅. Orodha nimeipata. Saba waliingia baada ya siku ya kuhesabu. Wa nane ni pacha: yeye na mwenzake wameandikwa mstari mmoja, wakahesabiwa mtoto mmoja. Mwalimu mkuu mwenyewe kacheka, kesho tunaandika barua ya marekebisho.

Bi Chaki: Bakini na nakala yenye muhuri.