Naomba ushauri: wikendi yangu Hanoi ni Jumatatu na Jumanne

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, mwezi wa nne sasa nafundisha Kiingereza Hanoi, Vietnam. Watoto huja kwenye kituo chetu cha lugha Jumamosi na Jumapili, wasipokuwa shuleni, kwa hiyo mapumziko yangu ni Jumatatu na Jumanne. Hapo ndipo shida inapoanza. Mitaa ya kandokando ya ziwa Hoan Kiem hufungiwa magari wikendi watu watembee kwa raha. Mimi nikifika, pikipiki zimejaa mpaka kuvuka barabara ni kujikabidhi kwa Mungu. Kaburi la Ho Chi Minh Jumatatu limefungwa, Makumbusho ya Makabila nayo hivyohivyo. Naishia kukaa kwenye kile kistuli cha plastiki, magoti kidevuni, nakula pho, ile supu yao ya tambi, peke yangu. (Tamu, lakini siyo kila wiki jamani.)

Nawaza kwenda Ninh Binh, kusini mwa Hanoi, kwa treni, safari ya kama masaa mawili na kitu, nipande mashua za mtoni za Tam Coc, zile wapiga makasia wanazoendesha kwa miguu. Mliowahi kwenda, nilale huko au nirudi jioni? Na mwanamke akiwa peke yake inakuwaje? Pikipiki sijui kuendesha, msinishauri hiyo.