Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu wa Marekani, sigara imemshinda. Hizi apu za VA zinasaidia kweli?

MamaZuu_Texas:
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri. Mume wangu alikuwa jeshi la Marekani, akapelekwa Afghanistan, amerudi na PTSD, yale maumivu ya akili yanayobaki baada ya mambo ya kutisha vitani. Anavuta pakiti nzima kwa siku na usiku ndo balaa, akishtuka ndotoni anatoka nje kwenye baridi kuvuta. Ameshajaribu kuacha kwa kujikaza tu, wiki haiishi karudi. Sasa kliniki ya VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani, wamempa plasta za nikotini na wamemwambia aweke apu kwenye simu na ajiunge na meseji. Yeye anasema simu itaniachishaje sigara? Na mimi sina jibu. Kuna aliyepitia hii?

Koplo_Mstaafu:
Pole sana shemeji. Mi nilitumikia Iraki nikiwa na uniform hiyo hiyo. Kule sigara ndo mapumziko, anayevuta anapewa dakika tano atoke nje, asiyevuta anabaki na kazi. Na si jambo la juzi, zamani sigara ziliwekwa kabisa ndani ya mgao wa chakula cha askari, mpaka 1975 ndo wakaziondoa. Kwa hiyo mzee usimwone hana nia, hiyo kitu amefundishwa.

Kuhusu simu, mi nilitumia SmokefreeVET, ndo hiyo huduma ya meseji. Unatuma neno VET kwenda 47848, unaweka tarehe ya kuacha, meseji zinaanza kuingia. Lakini utamu wake ni huu, hamu ikikubana unaandika URGE inakujibu hapo hapo, hata saa tisa usiku ambapo daktari amelala na mke hutaki kumwamsha. Hamu ya sigara inapanda halafu inashuka yenyewe baada ya dakika chache, shida ni kuzivuka hizo dakika. Akitaka sauti ya mtu kuna namba ya VA, 1-855-784-8838.

Jirani_wa_Kisauni:
Mi nina wasiwasi. Apu kila mtu anapakua, siku ya tatu anafuta. Nyuma ya hiyo simu kuna nani?

NesiMinnesota:
Swali zuri kaka, na jibu ni kwamba lazima awepo mtu. VA walifanya utafiti uliotoka 2010, wanajeshi wa zamani 943 wenye PTSD. Nusu walitibiwa sigara na mtu yule yule anayewatibu PTSD, wengine wakapelekwa kliniki nyingine ya sigara. Walioacha moja kwa moja mwaka mzima ni 8.9% kwa wale wa kwanza na 4.5% kwa wa pili. Ni wachache ndiyo, inaonyesha ugumu wa hii kitu, lakini ni karibu mara mbili! Apu ya Stay Quit Coach ilitengenezwa kwa kufuata matibabu hayo, anaingiza sababu zake mwenyewe za kuacha, vitu vinavyomwashia hamu, watu wa kuwapigia. Isiyojazwa haina kazi. Durham, North Carolina, wamejaribu mpaka kile kidude cha kupuliza kinachopima gesi ya moshi wa sigara kwenye pumzi, unajirekodi video kwa simu unawatumia, ukiwa safi unalipwa.

Dada, mambo mawili tafadhali. Kama aliwahi kuumia kichwa kwa mlipuko, amwambie daktari kabla hajapewa bupropion, dawa ya vidonge ya kuacha sigara, inaweza kuleta degedege. Varenicline, kidonge kingine cha kuacha sigara, wengi wanaiogopa kwa habari za zamani, ila lile onyo kali la madhara ya akili liliondolewa 2016 baada ya utafiti wa watu kama 8,000, wakiwemo wenye matatizo ya akili. La pili, hiyo plasta analala nayo?

MamaZuu_Texas:
Analala nayo ndiyo. Na tangu aanze ndoto zimezidi, mi nikadhani ni PTSD tu.

NesiMinnesota:
Inawezekana ni vyote viwili. Plasta ikikaa usiku kucha inaleta ndoto kali kwa watu wengi. Apige simu kliniki aulize kama anaweza kuivua kabla ya kulala, na asubuhi hamu ikimshika kabla mpya haijaanza kazi wampe bigijii ya nikotini. Asiache plasta kwa hasira, hapo ndo wengi wanarudi kwenye pakiti.

MamaZuu_Texas:
Asanteni mno, Mungu awabariki. Kliniki tunapiga kesho asubuhi. Koplo nimemsomea ulichoandika kuhusu mapumziko, amenyamaza, halafu akaniomba ile namba ya meseji.