Lenzi ya kuvuta kwa picha za michezo: 70-300, 70-200 f/4 au f/2.8 ya mtumba?

Shata500
Habari wakuu. Natumia kamera ya Canon 800D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Napiga mpira wa miguu jioni, na kikapu ukumbini usiku. Kwenye mpira wachezaji wako mbali mno, kwenye kikapu wanatoka kama mizimu. Bajeti haifiki lenzi mpya ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Ninazozifikiria (namba ni milimita, kubwa ndiyo inavuta mbali): 75-300 III, 55-250 STM, 70-300 IS II, na 70-200 f/4L ya mtumba. Wapo wanaosema muhimu ni IS tu, yaani kituliza mtikisiko cha lenzi. Nichukue ipi?

Nyuma ya Goli
75-300 III ifute kabisa. Mota yake inajikongoja na inapiga kelele. Mpaka ishike fokasi, winga keshapiga krosi.

Hiyo hoja ya IS haina mashiko kwenye michezo. IS inatuliza mikono yako, haimtulizi mchezaji. Anayekimbia anataka shata (muda kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/1000. Kwa 1/500 uso unaweza kuwa safi, lakini mguu unaopiga na mpira wenyewe vinavutika.

Kukiwa na jua, 70-300 IS II ya 2016 inatosha: f/5.6, 1/1000, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 400 hadi 800. Sensa ndogo ya 800D inaifanya ile 300 ione kama 480. 55-250 STM ina gramu 375 tu na picha zake nzuri kuliko bei yake, ila fokasi haina kasi ya 70-300.

Jua likizama ndipo kasheshe. Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 ni stopu mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), yaani unabaki na robo ya mwanga. Picha ya ISO 3200 inakuwa ya ISO 12800, na kwa 800D hapo ni chenga tupu.

kona_bendera
Mkuu hapo juu kamaliza upande wa mpira. Ila kwa ukumbini, kwenye orodha yako hakuna hata moja inayofaa, f/4L ikiwemo. Ningechukua 55-250 STM kwa mchana, halafu 85mm f/1.8 USM kwa kikapu. Haivuti, sawa, lakini kwa 800D inaona kama 136mm. Ukikaa chini ya ubao inakutosha. Inapokea mwanga zaidi kuliko hata f/2.8, kwa stopu moja na zaidi.

Ukumbini washa pia kipengele cha kuzuia mmemetuko, kimo kwenye menyu ya 800D. Taa nyingi za umeme wa 50Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya kasi, fremu moja itatoka angavu, inayofuata ya njano au yenye mstari wa giza, na utailaumu lenzi bure.

Shata500
Shukrani. Kuna mtu ananiuzia 70-200 f/2.8L ya zamani, ile isiyo na IS. Nikague nini?

Nyuma ya Goli
Nenda na kamera yako mwenyewe. 800D haina marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi, kwa hiyo kamera na lenzi zisipopatana huna la kufanya kwenye menyu. Laza rula kwa mshazari, 200mm, f/2.8, pointi ya fokasi ya katikati, piga picha kumi, kila mara ukivuruga fokasi kwanza. Ukali ukiangukia mbele au nyuma kila mara, mrudishie.

Kisha mulika tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Weka f/8, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi: vipande vyembamba vinavyobana tundu la lenzi vijifunge mara moja, viwe vikavu bila mafuta. Mota ikilia au ikisita, hata akupunguzie vipi usiichukue. Lenzi hii ni ya 1995, spea ni shida.

Ina kilo 1.3, kwa hiyo tafuta na monopodi (stendi ya mguu mmoja). Ifunge kwenye pete ya lenzi, sio chini ya kamera.