Mtoto wa Paka wa Ndani ya Dema

Alhamisi usiku, katika kundi la simu la ukoo

Shangazi: Assalamu alaykum nyote. Baba, shikamoo. Leo alfajiri nilipokwenda diko la wavuvi la Malindi hapa Unguja kutafuta kitoweo, nilisikia mlio mwembamba ukitoka ndani ya dema bovu la kutegea samaki lililoegemezwa ukutani, na nilipolipindua nikamkuta mtoto wa paka peke yake, amejaa viroboto. Wavuvi waliniambia kwamba mama yake aligongwa na gari juzi. Nimemchukua, yuko jikoni kwangu ndani ya boksi. Mimi nina paka watatu tayari, kwa hiyo nauliza ni nani katika ukoo huu atakayempokea.

Mtoto (kwa simu ya Mama): Shikamoo Shangazi, shikamoo Babu. Sisi tutampokea. Nimeshampa jina, anaitwa Simba.

Mama: Wifi, naomba usimsikilize huyo, kwani amechukua simu yangu nikiwa nakaanga samaki, na mimi sijakubali wala sijakataa. Tunaishi ghorofa ya 4 hapa Michenzani, hatuna ua, na kila nikikumbuka yaliyompata paka wetu wa mwanzo moyo unanisita.

Babu: Wa alaykumu salam. Marahaba. Nafurahi kuona kwamba mnaandika sentensi kamili kama nilivyowaomba, hata huyo mjukuu wangu mwizi wa simu. Kabla hatujasema tunamtaka au hatumtaki, tuulizane tutamweka vipi, maana wazee walisema paka wa nyumba haingwa, na atakayeingia kwetu leo hatutaweza kumwambia kesho arudi diko. Mwanangu wa Pemba, wewe ndiye daktari wa mifugo, anza wewe.

Ami: Shikamoo Baba. Dada yangu, nieleze kwanza macho yake yana rangi gani, masikio yamesimama au bado, na meno yametoka au hayajatoka. Kisha umpime kwenye mizani yako ya unga.

Shangazi: Macho ni ya buluu, masikio yamesimama, na meno ya mbele yametoka, madogo kama chenga za mchele. Anatembea kwa kuyumba kama abiria aliyeshuka sasa hivi kwenye boti ya Pemba siku ya upepo wa kusi. Uzito ni gramu 410. Nilimpa maziwa ya ng'ombe kwenye kisosi, akayanywa yote, lakini tangu adhuhuri anaharisha.

Ami: Basi ana umri wa wiki 4 hivi, na bado hajafaa kuhamia kwa mtu yeyote. Maziwa ya ng'ombe yasimamishwe leo hii, kwa sababu yana sukari ambayo tumbo la paka haliiwezi, na mtoto mdogo kama huyo akiharisha siku mbili anaweza kufa kwa kukaukiwa na maji. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Nitayatafuta mjini nikija kesho kwa boti. Usiku huu mchemshie samaki bila ya chumvi, kitunguu wala thomu, toa miba yote kwa vidole na si kwa macho, mponde pamoja na mchuzi wake mpaka awe laini kama uji, umpe kidogo kidogo mara 5 kwa siku. Tia maji ya vuguvugu katika chupa, izungushie kanga, uiweke upande mmoja tu wa boksi ili akiona joto limezidi aweze kusogea.

Shangazi: Na viroboto je? Duka la jirani lina dawa ya kupaka.

Mama: Wifi, usinunue kitu katika duka hilo wala jingine lolote kabla ya shemeji kuona chupa. Nitalisema hapa ingawa linanitia aibu. Yule paka wetu wa rangi ya manjano nilimuua mimi. Nilinunua chupa yenye picha ya mbwa, muuzaji akaniambia kwamba mnyama ni mnyama, nikampaka mgongoni baada ya sala ya isha, na ilipofika usiku wa manane alikuwa anatetemeka mwili mzima, taya limekaza, hata maji hayapiti. Alikufa mapajani mwangu kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanangu mpaka leo anadhani alikufa kwa homa.

Mtoto (kwa simu ya Mama): Mama, mimi nilijua. Niliiona chupa.

Mama: Kumbe.

Ami: Shemeji, kosa hilo hulifanya watu wengi. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini ini la paka haliwezi kuivunja, ikabaki inamchoma mishipa ya fahamu. Parasitamoli vilevile, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka mzima. Hata dawa ya kuoshea sakafu, ile inayogeuka nyeupe ikitiwa maji, isitumike mahali atakapolala, kwa sababu paka hulamba nyayo zake. Dada, kwa huyu mdogo tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, anza kumpaka povu shingoni ili viroboto visikimbilie machoni, mchane kwa kitana cha chawa, mkaushe vizuri sana. Mtazame na ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, ujue viroboto vimemmaliza damu, unipigie simu hata kama ni usiku.

Ijumaa, baada ya sala

Dada Mkubwa: Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Mimi nina mimba ya miezi 5 na huja Michenzani kila Jumamosi, na wenzangu kazini wananiambia nisikanyage nyumba yenye paka. Naomba Ami aniambie kama niache kuja.

Ami: Njoo kama kawaida. Wanachokiogopa ni kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha baadhi ya paka, na hicho hakiambukizi siku ile ile, kinahitaji zaidi ya siku nzima ndipo kiwe na madhara. Kwa hiyo beseni la choo chake lisafishwe kila siku, asilisafishe mwenye mimba, na mikono ioshwe kwa sabuni. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo ni za kuogopwa na wewe, ingawa hao wenzako wa kazini sidhani kama wanakukataza mishikaki ya Forodhani.

Dada Mkubwa: Hawanikatazi, na ndio wanaoninunulia.

Babu: Upande wa ibada nitausema mimi. Imepokewa kwa Abu Qatada, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba aliinamisha chombo cha maji ya udhu paka akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi, kwa hiyo misala ikunjwe baada ya kila sala na iwekwe juu. Msisahau pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia atafute chake. Sasa nyinyi mnataka kumfungia huyu ghorofani, basi chakula chake kimekuwa dhima juu yenu.

Mama: Tumekubali, Baba, lakini kwa sharti moja. Haingii mpaka madirisha yamefungwa wavu. Nondo zetu zina nafasi ya kupita ngumi yangu, na chini ni saruji tupu.

Ami: Sharti hilo ni la haki, kwa sababu kichwa cha paka kikipita, mwili hufuata. Mwambie fundi aweke wavu wa chuma wenye matundu madogo, asiweke ule wa mbu wa nailoni, ambao kucha zitaupasua kwa wiki moja. Una wiki 4 za kujitayarisha, kwa sababu nataka abaki kwa dada mpaka atimize wiki 8. Pale atajifunza kwa wale paka watatu namna ya kucheza bila ya kuuma, jambo ambalo mkono wa mtoto hauwezi kumfunza. Asikutane nao mpaka aishe kuharisha na viroboto vimalizike. Kwa choo, beseni lenye ukingo mfupi na machujo ya mbao kutoka kwa seremala yanatosha, liwe mbali na sahani yake. Chanjo ya kwanza nitampa akitimiza wiki 8, atarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki 16, na ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3. Dada, nitumie picha yake nione jinsia.

Shangazi: Ni dume, nimeshamtazama. Ana mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa.

Ami: Rangi tatu? Basi huyo karibu hakika ni jike, kwa sababu rangi nyeusi na ya chungwa haziji pamoja isipokuwa kwa jike, dume wa namna hiyo ni nadra mno. Na hili linabadilisha mambo, maana jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, na mimba yenyewe ni siku 63 au 65 tu. Akifika miezi 4 au 5 nitamfunga kizazi mwenyewe.

Mtoto (kwa simu ya Mama): Kwa hiyo Simba haiwezekani?

Babu: Lugha yetu haina taabu na hilo, mjukuu wangu. Simba jike naye ni simba.

Jumatatu asubuhi

Mama: Fundi amepima madirisha yote matano, na la choo pia, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau na mwanangu akalikumbuka. Anaanza kazi Jumamosi.

Shangazi: Hakuharisha tangu juzi. Leo ana gramu 445, na amelala ndani ya kiatu cha shemeji yenu, ambaye ameondoka kazini na makubadhi.